Namna ya Kufundisha Tuni za Zaburi za Marekani ya Kale kwa Kwaya Isiyotumia Vyombo

Umeme ukikatika jioni ya mazoezi, kwaya nyingi za hapa Moshi hunyamaza pamoja na kinanda. Mwalimu huwasha tochi ya simu, wanakwaya huanza kuzungumza habari za msiba na za vikoba, na mazoezi hugeuka kikao. Mwongozo huu unamhusu mwalimu wa kwaya ambaye angependa kuwa na tuni chache zisizouliza kama umeme upo, kwa sababu zilitungwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na ogani makanisani mwao, na zilipangwa tangu mwanzo ziimbwe na sauti nne tupu za binadamu. Ni tuni za zaburi zilizotungwa katika eneo la New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, hasa kati ya mwaka 1770 na 1810.

Nasema tuni, wala sisemi nyimbo, kwa makusudi. Tuni ni muziki wenye sauti zake nne na jina lake, lakini haifungwi na maneno fulani. Zaburi au utenzi wowote wenye vipimo vinavyolingana nayo unaweza kuimbwa humo. Majina yake mengi ni ya miji na nchi: Windham, Lenox, Northfield, Sherburne. William Billings wa Boston aliita tuni yake moja ya mwaka 1770 Africa, ingawa hakuna kitu katika muziki wake kinachohusu bara letu. Mwalimu aieleze habari hii mapema, maana wanakwaya wataitafuta ngoma humo na hawataipata.

Historia yenyewe naipitia kwa haraka. Walowezi wa Massachusetts walichapisha zaburi zao za kuimba mwaka 1640, na kitabu hicho ndicho cha kwanza kuchapishwa katika makoloni ya Waingereza ya Amerika Kaskazini. Kilikuwa na maneno matupu. Tuni 13 ziliingizwa katika toleo la tisa la mwaka 1698. Katika makanisa mengi kiongozi alisoma mstari mmoja na watu wakauimba, kisha akasoma mwingine, kama tunavyofanya hata leo kwenye ibada ya msibani ambapo vitabu ni viwili na watu ni mia tatu. Kuanzia miaka ya 1720 wachungaji na walimu kadhaa walihimiza watu wajifunze kusoma nota, na hapo zikaenea shule za uimbaji zilizoendeshwa jioni kwa majuma kadhaa na walimu waliohama kijiji hadi kijiji. Katika shule hizo zikazaliwa kwaya, na katika kwaya wakatokea watunzi ambao wengi wao walikuwa na kazi nyingine za mikono: Billings alikuwa mtengenezaji wa ngozi, Daniel Read alitengeneza vitana, Lewis Edson alikuwa mhunzi, Oliver Holden seremala, Timothy Swan mtengenezaji wa kofia, na Justin Morgan mfugaji ambaye aina ya farasi wake inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Tuni ya Holden iitwayo Coronation, ya mwaka 1793, ndiyo ambayo Wamarekani wengi huimbia wimbo tunaoufahamu katika Tenzi za Rohoni kama “Jina la Yesu, Salamu”.

Wimbo uko sauti ya tatu

Mara ya kwanza nilipofundisha tuni ya Windham, ya Daniel Read, niliigawa kama tunavyogawa korali zote: nikawapa soprano mstari wa juu, nikawaambia waongoze, na wengine wote wawafuate. Kwa majuma mawili tuni ilichechemea. Jioni moja mzee wetu wa besi aliinua mkono akasema, “Samahani, mwalimu. Wimbo wenyewe hapa uko wapi? Mbona naona kila mtu anasindikiza?” Nilianza kumjibu, nikatazama karatasi tena, nikakaa chini. Mzee alikuwa amesikia nisichokiona.

Sisi tuliolelewa katika korali za Kijerumani, zilizoletwa na wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893, tumezoea kwamba wimbo hukaa juu kwa soprano na sauti tatu za chini huushikilia. Katika tuni hizi mambo ni mengine. Kwenye karatasi yenye mistari minne ya nota, wimbo uko katika mstari wa tatu kutoka juu, yaani kwa tena, ambao katika kwaya zetu tunawaita sauti ya tatu. Mtunzi aliuandika huo kwanza, akaongeza besi, halafu sauti ya juu, na mwisho kabisa sauti ya pili, ambayo ilichukua nafasi zilizobaki. Kwa hiyo sauti ya juu ni wimbo mwingine kamili unaopita juu ya ule wa kwanza, besi hutembea kwa hatua zake yenyewe, na sauti ya pili mara husimama mahali pamoja kwa mapigo mengi, mara huruka. Kila mwimbaji ana kitu cha kuimba ambacho angeweza kukiimba akiwa peke yake njiani kuelekea nyumbani, na hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya nizipende.

Kwa kuwa sauti zilitungwa kwa zamu, zinapokutana mara nyingi zinasikika do na so tu, bila mi katikati, na mara nyingine sauti mbili hutembea sambamba kwa umbali wa do na so, jambo ambalo vitabu vya kanuni za muziki wa Ulaya hulikataza. Mwalimu aliyesoma kanuni hizo atashawishika kusahihisha. Asisahihishe. Ukali huo ndio ladha yake, kama uchungu ulivyo katika mbege. Ukiuondoa unabaki na korali ya kawaida iliyotungwa vibaya.

Matokeo ya haya yote yanaonekana katika namna ya kugawa watu. Billings alishauri kwamba kundi likiwa na watu 40, 20 kati yao waimbe besi. Kwaya yangu haijawahi kufika huko, na sidhani kama kuna kwaya ya usharika hapa Kilimanjaro iliyofika, maana sisi huwa na soprano kumi na watano na besi watatu ambao mmoja wao yuko safarini. Lakini lengo lieleweke: besi ndiyo msingi, sauti ya tatu ndiyo nyumba, na hizo nyingine mbili ni paa. Enzi hizo sauti ya kwanza na ya tatu ziliimbwa na wanaume na wanawake kwa pamoja, kila mmoja kwa kimo chake, hivi kwamba mistari minne ya nota ilisikika kama sauti sita. Tumia njia hiyo. Katika kwaya ya watu 24 mimi huweka besi wanane wote wanaume nikiwapata. Sauti ya tatu wanane, watano wanaume na watatu wanawake wanaoimba nota zilezile oktava moja juu. Sauti ya kwanza watano, akiwamo mwanamume mmoja anayeimba oktava moja chini. Na sauti ya pili watatu. Akina mama wa soprano wanaohamishiwa sauti ya tatu hulalamika kwa juma la kwanza kwamba wameshushwa cheo. Wakishatambua kwamba wao ndio wenye wimbo, malalamiko huhamia kwa wale waliobaki juu.

Tuni za kuanzia

Tuni hizi zina zaidi ya miaka mia mbili, hazina hakimiliki, na nota zake zinapatikana bure kwenye intaneti. Tatizo ni kuchagua. Ningeshauri kuanza na kanoni ya Billings iitwayo When Jesus Wept, iliyotoka mwaka 1770 katika kitabu chake cha kwanza, kwa kuwa ni wimbo mmoja tu unaojifunzwa na kwaya nzima, kisha makundi manne huuimba kwa kufuatana, kila kundi likianza pale lililotangulia linapomaliza kifungu cha kwanza. Jioni moja inatosha, na wanakwaya hupata mara moja hisia ya kushikilia sauti yao huku jirani akiimba kitu kingine.

Baada ya hapo chukua tuni mbili za kawaida, ambazo sauti zote nne hutamka maneno kwa pamoja: Africa, yenye furaha tulivu, na Windham ya mwaka 1785, ambayo iko upande wa la, yaani hutua kwenye la badala ya do, na ina huzuni nzito inayofaa Ijumaa Kuu. Hapo ndipo uingie kwenye tuni za kufukuzana, ambazo sauti huingia moja baada ya nyingine kama nitakavyoeleza mbele, na kati ya hizo Northfield ya Jeremiah Ingalls, ya mwaka 1800, ni fupi na haichoshi. Lenox ya Edson, ya mwaka 1782, na Sherburne ya Read zisubiri mpaka kwaya ipate ujasiri. Anthemu ndefu za Billings ziache kabisa kwa mwaka wa kwanza.

Maneno ya Kiswahili

Hapa ndipo pana kazi halisi, na ndipo nimeona walimu wengi wakikata tamaa. Tuni nyingi huja katika vipimo vitatu. Kipimo kirefu kina silabi 8 katika kila mmoja wa mistari minne. Kipimo cha kawaida kina 8, 6, 8 na 6. Kipimo kifupi kina 6, 6, 8 na 6. Waingereza na Wamarekani walizipanga upya zaburi kwa vipimo hivyo, na maarufu kuliko wote alikuwa Isaac Watts wa Uingereza, ambaye zaburi zake zilichapishwa mwaka 1719. Zaburi katika Biblia yetu ya Kiswahili hazikupangwa kwa mizani, kwa hiyo haziingii katika tuni hizi bila kushonwa upya.

Msomaji wa ushairi ameshaona jambo. Ubeti wa utenzi una mishororo minne, na kila mshororo una mizani 8. Huo ni ulinganifu kamili na kipimo kirefu, na niliposhtukia jambo hilo nilidhani kazi imekwisha, kwamba tenzi zote za Kiswahili sasa zingeweza kuimbwa kwa Windham. Nilijaribu, na matokeo yalikuwa ya kuchekesha.

Sababu ni mkazo. Kiingereza cha zaburi hizo huanza na silabi hafifu na kumalizia na silabi nzito, hivi kwamba uzito huangukia silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na kwa hiyo mshororo wa mizani 8 una uzito wake wa mwisho katika mizani ya saba. Ukipachika kila silabi kwenye nota yake bila kufikiri, mstari usemao “Bwana ndiye mchungaji” utasikika “bwaNA ndiYE mCHUngaJI”, na hakuna Mswahili atakayekuelewa, hata kama nota zote ni sahihi.

Dawa niliyoipata ni kusogeza maneno kwa nota moja. Nota ya kwanza ya mstari, ambayo kwa kawaida ni fupi na hafifu, usiipe silabi yake. Ama iruke kabisa, ama iunganishe na ya pili ili silabi ya kwanza ichukue nota mbili. Silabi ya kwanza sasa inaangukia pigo zito, na vivyo hivyo ya tatu, ya tano na ya saba. Nota ya mwisho ya mstari, ambayo karibu kila mara ni ndefu, igawanye mara mbili: silabi ya saba ichukue sehemu kubwa ya mwanzo, na ya nane imalizie kwa wepesi katika kimo kilekile. Sasa mstari unasikika “BWAna NDIye mchuNGAji”, kama unavyosemwa. Baadhi ya tuni huanza na nota ndefu ya kukusanya watu. Hizo huziruki, unaziunganisha tu.

Kwa kipimo cha kawaida, kanuni ni hiyohiyo. Chukua mwanzo wa Zaburi ya 23, ondoa neno “wangu” mwishoni mwa sehemu ya kwanza na “na kitu” mwishoni mwa ile ya pili, na utapata:

Bwana ndiye mchungaji,
Sitapungukiwa.

Ni mizani 8 na 6, mkazo ukiwa mahali pake, bila kulazimisha neno hata moja. Zingatia kwamba “m” ya mchungaji ni mizani kamili na inastahili nota yake. Wanakwaya vijana hupenda kuimeza, na wakiimeza mstari mzima unapungua.

Na huu ni ubeti wa kipimo kirefu nilioutunga kwa mwanzo wa Zaburi ya 90, kwa mtindo wa utenzi, ili kwaya iwe na kitu cha kuanzia:

Bwana, kwako twaegema,
Kwa vizazi u mzima,
Hata kabla ya milima
Wewe ndiwe Mungu wetu.

Unapotunga beti nyingine, kipimo chako kiwe mkono wako. Soma mshororo kwa sauti huku ukipiga meza kwenye mizani ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Neno likikataa, lihamishe. Nilikuwa nimeandika “Kabla milima ijao”, na meza ikanikatalia, kwa kuwa “li” ya milima iliangukia mizani ya nne. Nilipotanguliza “hata” na kuongeza “ya” ikaangukia ya saba na tatizo likaisha. Vina vya kati na vya mwisho ni pambo zuri kwa msomaji, lakini msikilizaji kanisani atasamehe kina kilichopotea kabla hajasamehe mkazo uliovunjika.

Mazoezi yenyewe

Walimu wa shule za uimbaji walitumia majina manne tu ya nota, yaani fa, so, la na mi, ambayo baadaye, mwaka 1801, yalipewa maumbo tofauti katika kitabu kilichochapishwa Philadelphia: pembetatu, duara, mraba na umbo la almasi. Ni utaratibu mzuri, na bado unatumiwa na waimbaji wa kusini mwa Marekani, lakini kwa kwaya iliyokwisha kuzoea do, re, mi sioni faida ya kuwavuruga. Ninachochukua kutoka kwao ni desturi ya kuimba tuni nzima kwa majina ya nota kabla ya kugusa maneno. Geuza nota za mistari kuwa solfa, piga nakala, na kwa juma zima usitoe maneno kabisa.

Anza na besi peke yao. Wakishashika, waite sauti ya tatu, na uwaache hao wawili waimbe pamoja mpaka wapate raha, kwa sababu sauti hizo mbili zikisimama imara, tuni tayari imekamilika kwa kiasi ambacho ungeweza kuiimba kanisani hivyo hivyo. Sauti ya kwanza iingie jioni ya pili. Sauti ya pili iingie mwisho, na upande wao uwe na subira ya pekee, kwa kuwa mstari wao ukiimbwa peke yake hauna mvuto, na mara nyingi wao ndio wanaoshikilia nota moja huku wengine wakipita.

Kabla ya kila zoezi, fanya jambo hili kwa dakika tano: besi washike do, sauti nyingine zishike so, na wote wasikilize mpaka nota hizo mbili ziache kugombana. Zikikaa sawasawa utasikia mvumo mpya juu yake ambao hakuna aliyeuimba. Kinanda hakitakupa kitu hicho, kwa kuwa so yake imepunguzwa kidogo sana ili funguo zote ziweze kutumika. Kwaya isiyo na chombo inaweza kuipata so kamili, na tuni hizi, zilizojaa do na so, hudai hivyo. Sauti itoke imenyooka, bila kutetemeshwa, na itoke kwa nguvu. Mtindo wa kunong’ona na kuvuta hisia, ambao kwaya zetu zimeuchukua kwenye rekodi za kisasa, huziua.

Kuhusu kukaa, ondokeni kwenye safu za kuwatazama waumini, angalau wakati wa mazoezi. Pangeni viti kwa umbo la mraba, kila sauti upande wake, wote wakitazamana, na anayeongoza asimame katikati. Hivyo ndivyo wanavyokaa hata leo waimbaji wanaotumia kitabu cha The Sacred Harp, kilichotolewa na B. F. White na E. J. King wa Georgia mwaka 1844, ambacho kimehifadhi nyingi ya tuni hizi. Aliyesimama katikati husikia wimbo kwa namna ambayo hakuna msikilizaji wa kwenye benchi atakayeusikia, na mimi huwapa wanakwaya nafasi ya kusimama hapo kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, hata wale wasiojua kuongoza. Chagueni pia jengo. Ukumbi wa mabati wakati wa masika hauna maana. Mvua ikianza kupiga, hata besi ishirini wa Billings wasingesikika.

Mkono wa kiongozi hushuka na kupanda, basi. Hakuna haja ya kuchora maumbo hewani. Walimu wa zamani walipima mwendo kwa kitu kinachoning’inia, na Billings mwenyewe alieleza namna ya kukitengeneza. Unaweza kufanya hivyo kwa uzi wa fundi cherehani na jiwe dogo. Uzi wenye urefu wa mita moja, ukipimwa kutoka mahali ulipofungwa hadi katikati ya jiwe, hutoa mapigo 60 kwa dakika, kila mwendo wa upande mmoja ukiwa pigo moja. Sentimita 56 hutoa 80, na sentimita 25 hutoa 120. Mimi hufunga uzi wa mita moja kwenye msumari wa ubao wa matangazo kwa ajili ya Windham, na wa sentimita 56 kwa ajili ya Northfield. Faida yake kuu ni kwamba jiwe halina upendeleo: kwaya ikianza kuburuza, kila mtu anaona ni nani aliyechelewa, na mwalimu hana haja ya kusema.

Kufukuzana

Tuni ya kufukuzana huanza kama tuni ya kawaida, sauti zote zikienda pamoja mpaka kwenye kituo. Kisha kuna ukimya mfupi, na sauti moja, mara nyingi besi, huingia peke yake na mstari unaofuata. Mapigo machache baadaye huingia sauti ya tatu na maneno yaleyale, halafu ya kwanza, halafu ya pili, mpaka zote zinakutana tena na kumalizia pamoja. Sehemu hiyo hurudiwa.

Hatari iko kwenye kila mlango wa kuingia. Wanakwaya wetu, ambao wamezoea kuitikia pale kiongozi anapowaashiria, husubiri kuangaliwa. Lakini kiongozi hawezi kuangalia pande nne kwa wakati mmoja. Wafundishe kuhesabu. Kwa siku nzima ya mazoezi wasiimbe chochote isipokuwa neno la kwanza la kila kuingia, huku mapigo mengine wakiyahesabu kwa kunong’ona. Neno hilo la kwanza lipigwe kwa uzito kama mlango unaogongwa, na mara sauti nyingine inapoingia, aliyekwisha kuingia ajipunguze kidogo ili mgeni asikike. Ni sehemu pekee ambapo naruhusu mtu kupunguza.

Kwa kuwa maneno hupishana, msikilizaji hupoteza mstari huo kama hakuusikia vizuri mara ya kwanza. Wapinzani wa tuni hizi walilalamikia jambo hilo hilo, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1790 wafuasi wa mtindo wa Ulaya walizisukuma nje ya makanisa mengi ya mijini. Lalamiko lao lina haki kwa kiasi. Kwa hiyo unapotunga maneno, mshororo utakaofukuzwa uwe mfupi wa maana na uwe na neno zito mwanzoni. “Wewe ndiwe Mungu wetu” unaweza kupishana na wenyewe mara nne bila hasara, wakati mshororo wenye “kwa maana” au “ambaye” utageuka kelele.

Siku ya ibada

Toa kimo cha sauti kwa filimbi ndogo ya kupimia au kwa programu ya simu, lakini usiwe mtumwa wa ufunguo ulioandikwa. Sauti ya tatu katika tuni hizi hupanda juu sana, na asubuhi ya Julai, wakati baridi ya mlimani imebana koo la kila mtu, mimi huteremsha tuni kwa hatua moja nzima na sijawahi kuulizwa. Kiongozi atoe do, kila sauti itafute nota yake kwa mvumo mdogo, na muanze mara moja kabla haijapotea.

Imbeni ubeti wa kwanza kwa majina ya nota kama kanisa lenu linaruhusu. Waumini wa Arusha ambako tuliimba mwaka uliopita walidhani ni lugha ngeni na walisikiliza kwa makini kuliko kawaida. Ruka utangulizi mrefu wa kueleza historia. Msipunguze mwendo mnapokaribia mwisho, kwa kuwa watunzi hawa hawakuandika hivyo na tuni hupoteza mgongo wake. Nota ya mwisho ishikwe kwa hesabu yake kamili, kisha mkono ushuke na wote wanyamaze pamoja. Itakuwa mara nyingi ni do na so peke yake, na sauti ya pili, wakisikia nafasi iliyo tupu katikati, watatamani kuijaza kwa mi. Waambie mapema waiache wazi.